Zamu ya Mama Minza Getini

Pamba ilikuwa imekaa darasa la saba tangu Mei, na ilikaa kwa raha kuliko wanafunzi walivyowahi kukaa humo. Ilijaa mpaka kwenye mbao za paa, ikafunika madirisha, ikafunika ubao. Ghala la chama cha msingi cha ushirika lilikuwa limefurika, gari la mnunuzi halijaonekana, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, wakulima wa Mwaluganda walimwomba Mwalimu Mkuu awahifadhie mali yao. Aliwapa ufunguo. Sasa aliutaka urudi.

"Mwongozo umekuja," alisema Mwalimu Danford. "Jumatatu ijayo tunafungua. Dawati lililokuwa la watoto wanne litakuwa la wawili, kwa hiyo kila chumba nilicho nacho nakihitaji, na vingine nisivyo navyo. Pamba itoke."

Kamati ya shule ilikuwa imekaa uwanjani, viti vimetenganishwa mbali mbali, watu wakazungumza kwa kupaza sauti kama wanaoitana ng'ambo ya mto. Mzee mmoja alikuwa akisogeza kiti chake kidogo kidogo kumfuata jirani yake, maana hakuzoea kumnong'oneza mtu kwa kelele.

"Itoke iende wapi, Mwalimu? Mnunuzi mwenyewe hajaja."

"Irudi ilikotoka. Majumbani."

Miguno ikaanza. Ng'washi, mjumbe wa kamati, mama mwembamba mwenye sauti isiyolingana na mwili wake, akasimama bila kuinua mkono.

"Mbona mnaguna kama mmeambiwa mtoe watoto? Mtoto ndiye alitolewa, pamba ikaingia. Sasa mtoto anarudi, pamba itoke. Hesabu gani hapo ngumu?"

"Mama Minza," alisema yule mzee, "nusu ya hiyo pamba ni ya mumeo."

"Ndiyo maana nasema mimi. Msije mkasema mmemwogopa Mayala."

Watu wakacheka. Mayala, aliyekuwa nyuma miongoni mwa wazazi, hakucheka. Alitazama viatu vyake vya matairi kana kwamba ndivyo vilivyotoa hoja.

Mwalimu akaendelea: maji ya kunawa getini, sabuni, wazazi wapokezane zamu kila asubuhi kuwakagua watoto. Kisha akafika kwenye wenye dalili. Mwongozo ulisema watengwe na wapelekwe zahanati, lakini shule haikuwa na chumba cha kumtenga hata mbuzi. Ng'washi akasimama tena. Alitoka kuzika binamu yake mjini Bariadi mwezi wa nne, msiba ambao watu walisimama barabarani wakitazama kwa mbali, na tangu hapo hakuwa na mzaha na kifua cha mtu.

"Anayekohoa arudi kwao kutoka getini. Wiki mbili. Akipona, aje."

"Watoto wanakohoa kila siku, mama Minza." Huyo alikuwa Maua, mwenye duka la pale senta, mwanamke wa mjini aliyefuata biashara kijijini na kubaki. Binti yake Shifa alikuwa darasa la saba, dawati moja na Minza. "Vumbi tu linamkohoza mtoto. Tukirudisha kila anayekohoa, Mwalimu atafundisha madawati."

"Korona haijaandikwa usoni, mama Shifa. Utaitofautishaje na vumbi?"

Kamati ikapitisha.

* * *

Mayala alifunga ng'ombe kwenye tela akasomba pamba siku mbili bila kumsemesha mke wake. Alipopakia furushi la mwisho ndipo alipofungua mdomo.

"Ungeniambia kabla. Kunitoa mbele za watu kama mkimbizi!"

"Ningekuambia kabla ungenikataza."

"Ningekukataza."

"Basi."

Pamba ikaingia nyumbani kama inavyoingia nyumba zote za huko msimu ukichelewa kununuliwa. Mali ile hailazwi nje. Nje kuna ng'ombe wa kuitafuna, moto wa kuirukia na mikono ya watu. Watu hubanana, pamba hupewa chumba. Mayala aliipa chumba cha Minza na wadogo zake, kile kisicho na dirisha, ikapandana mpaka darini. Wadogo walihamia kwa wazazi. Minza, aliyekuwa anaingia miaka kumi na minne na kuona haya kulala na baba yake, aliparamia juu ya mafurushi akatandika kanga yake.

"Laini, mayu," alimwambia mama yake akicheka kutoka kule juu. "Kama kitanda cha waziri."

"Lala juu ya mali ya baba yako, uilinde."

Jioni ile Mayala alipokea simu. Aliisikiliza akiwa amesimama, kama alivyofanya kila alipozungumza na dada yake mkubwa, Generoza, aliyeolewa Nkoma. Mkwe wake alikuwa amejifungua mapacha, na Generoza mwenyewe hakuwa na nguvu. Ilihitajika mikono. Minza alikuwa na mikono.

"Dada anamtaka mtoto," alisema alipokata simu.

"Minza ana mtihani mwaka huu."

"Nimemwambia. Amesema shule zenyewe zinafunguliwa leo zinafungwa kesho." Mayala akakaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kuombwa. "Sikiliza. Shule ikimpokea, asome, dada nitamjibu mimi. Ikimrudisha hapa akae tu kuhesabu kuku, aende Nkoma. Siwezi kumnyima dada yangu mtoto aliyekaa bure."

Ng'washi aliwajua watoto waliokwenda Nkoma kwa muda. Mmoja, binti wa jirani, alikwenda kusaidia mavuno ya msimu mmoja. Sasa ana mtoto wake huko.

"Itampokea," alisema.

* * *

Asubuhi ya kufungua, uzio wa minyaa ulionekana kama umeota watoto. Walikuwa wamerefuka. Sare zilizowatosha mwezi wa tatu sasa zilionyesha magoti na viwiko, na mvulana mmoja alikuwa amevunja sauti, kila akiwaamkia wenzake wanaangua kicheko. Ng'washi ndiye aliyeanza zamu. Alisimama penye geti, ndoo yenye koki upande wa kulia, kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba ili kisiende nyumbani na mtu.

"Mwangaluka!" watoto walimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Osha mpaka juu. Hapo umeosha kucha tu, mkono ni wa nani?"

Minza alipita, mikono ikichuruzika maji, hakumwita mama yake mayu mbele za wenzake. Akasema, "Shikamoo," kama mtoto wa mtu mwingine, wakacheka wote wawili kwa macho.

Nyuma yake alikuwa Shifa. Alinawa, akanyoosha mikono ikaguliwe, na hapo hapo akakohoa. Kikohozi kirefu chenye filimbi ndani yake.

"Simama pembeni," alisema Ng'washi.

"Mama, mimi nina pumu."

"Simama pembeni, mwanangu."

Maua aliitwa dukani. Alikuja kanga moja begani, nyingine anaifunga njiani.

"Mama Minza, Shifa unamjua. Si ulikuja kumwona siku ile alipobanwa kifua nikadhani ameondoka? Hii ni pumu yake ya kila siku."

"Namjua."

"Basi mpishe."

"Nikimpisha Shifa kwa sababu namjua, kesho nitampisha wa nani? Wote nawajua."

Foleni ilisogea kusikiliza. Watoto hupenda kuwaona akina mama wakigombana, lakini hawa hawakuwa wakigombana, na hilo lilitisha zaidi. Maua akasogea karibu kuliko mwongozo ulivyoruhusu.

"Angekuwa Minza?"

"Ningemrudisha."

"Haya," Maua alisema. Alimshika binti yake mkono. Walipofika barabarani Shifa alianza kulia, na kilio kikamwongezea kukohoa, wakasikika mpaka walipopotelea senta.

Siku ile Ng'washi alirudisha watoto wengine watatu. Wazazi walimsalimia kwa kifupi. Mwalimu Danford alimpongeza mbele ya walimu, naye alirudi nyumbani akitembea wima.

* * *

Wiki ya pili, zamu ilimrudia. Alfajiri, akichochea uji, alisikia kikohozi kutoka juu ya mafurushi. Kimoja, kikavu. Kisha mfululizo.

Aliacha mwiko ndani ya chungu.

Minza alishuka akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Paji la uso halikuwa na joto. Ng'washi alilipima kwa mkono, akalipima kwa shavu lake, akalipima tena kwa mkono.

"Tangu lini?"

"Juzi. Nikiwa shule kinatulia. Nikilala kinarudi."

"Mbona hukusema?"

Minza alimtazama mama yake kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie wewe?"

Mayala alikuwa mlangoni, mswaki wa mti mdomoni. Alisikia, na hakuwa na haja ya kurudia alichosema kuhusu Nkoma. Alitema mate pembeni.

"Leo si ndiyo zamu yako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Haya."

Ng'washi alimnywesha mtoto maji ya moto yenye tangawizi, akamnywesha tena. Njiani alitembea mbele, Minza nyuma. Karibu na uzio alisimama. Alizungumza bila kugeuka.

"Ukifika getini, jikaze. Usivute pumzi nyingi. Ukishapita, ufanye unavyofanya."

"Mayu?"

"Nimesema jikaze."

Minza alipanga foleni kama wote. Alipofika kwenye ndoo, mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka na machozi yamejaa. Alinawa harakaharaka. Ng'washi alikuwa amegeukia upande wa pili, anamkemea mvulana mdogo kwa kuchezea koki ambayo mvulana hakuigusa. Minza akapita. Mama alisikia hatua zake zikikimbia kuelekea nyuma ya choo, na kule nyuma ya choo akamsikia akikohoa kama anayetapika. Akafungulia maji kwa nguvu ili yapige kelele.

Haikufika saa nne. Mwalimu Danford mwenyewe alimleta Minza getini, akimtembeza mbele yake kwa mbali kama anayeswaga ndama. Darasa zima lilikuwa madirishani.

"Mama Minza," alisema kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko kelele, "huyu alipitaje?"

Maua alikuwa amesimama pale pale. Kila siku mbili alileta madaftari ya Shifa yasahihishwe, akiyapitisha juu ya geti kama mtu anayelisha mbwa mkali. Alimtazama Minza, akamtazama Ng'washi. Wapo wanawake ambao wangepiga vigelegele. Ng'washi alivisubiri, hata akatamani vije.

"Alipita kwa sababu nilimpitisha," alisema. "Nilijua."

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Sheria uliileta wewe."

"Niliileta mimi. Anarudi nyumbani. Sina neno."

Minza alikuwa akilia kimya. Maua alisogea, akasahau mwongozo, akamshika kichwa binti yule ili amfute machozi, na mkono wake ukasita. Alichomoa kitu nyuma ya sikio. Akachomoa kingine kwenye nywele, na kingine puani kwenyewe, uzi mweupe mwembamba.

"Huyu mtoto mnamlaza wapi?"

"Ndani," alisema Ng'washi.

"Ndani wapi?"

"Kwenye pamba. Kila mtu si amelaza..."

Maua alibaki ameshika ule uzi. Halafu alianza kucheka, si cheko la ushindi. "Mama Minza. Kila mwaka mwezi wa sita, wa saba, kijiji kizima mnakuja dukani kwangu kununua vidonge vya kikohozi. Naagiza makopo mawili zaidi kwa ajili yenu. Nilidhani mnajua! Nikasema, watu wa huku ndivyo walivyo, wanavuna na wanakohoa."

Ng'washi alikumbuka kifua cha mama yake, na cha bibi yake, vilivyokuwa vikikoroma msimu kwa msimu, na jinsi watu walivyosema ni baridi ya kipupwe.

"Hata hivyo sina namna ya kuthibitisha," alisema Mwalimu. "Inaweza kuwa pamba, inaweza isiwe."

"Wa kuthibitisha yuko zahanati," alisema Ng'washi. "Niliposema watoto warudi, ningesema kwanza wapimwe. Sikusema. Nesi amwone Shifa leo hii, Mwalimu. Akisema ni pumu, kesho akae darasani. Minza yeye asubiri, atumikie wiki zake mbili. Mtu asiseme nimegeuza sheria kwa ajili ya wangu."

Maua alikunja madaftari chini ya kwapa. "Hilo ungelisema siku ile," alisema.

"Ningelisema siku ile."

* * *

Nesi alisema ni pumu; kesho yake Shifa angerudi darasani. Ng'washi alirudi nyumbani akaanza kutoa pamba. Alikuwa ameburuta furushi la kwanza mpaka mlangoni Mayala alipotokea zizini.

"Uliitoa darasani. Sasa unaitoa nyumbani. Utaipeleka wapi, mbinguni?"

"Uani. Nitalala nayo nje, niilinde."

"Watu waseme Mayala amemfukuza mke?"

"Waseme. Hii ndiyo inayomkohoza mtoto. Akilala mbali nayo, kifua kitafunguka, na wiki mbili zikiisha anarudi shule. Mwalimu amekubali."

Mayala aliegemea kizingiti. Alikuwa na neno na hakujua mahali pa kuliweka.

"Dada anakuja kesho," alisema hatimaye. "Kuna mtu amempigia. Amesikia Minza amerudishwa. Anakuja na bodaboda, amchukue."

"Mwambie ni wiki mbili tu."

"Nimemwambia. Anasema basi amsaidie hizo wiki mbili. Nitasema nini? Neno nililitoa mwenyewe, na wewe ukalikubali."

Ng'washi alitazama furushi pale mlangoni. Alitazama ndani, kwenye giza jeupe la chumba kile. Minza alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga, na kati ya pigo na pigo alikohoa. Alikwisha anza kukohoa kidogo kuliko asubuhi.

Kisha akalishika furushi akalirudisha ndani, akalisukuma mpaka mahali pake. Mayala alimwona. Akarudi zizini.

Usiku ulipoingia Minza alileta kanga yake. "Nilale wapi, mayu?"

"Pale pale," alisema Ng'washi, na hakumtazama. "Leo tu. Shangazi yako anakuja kesho."

* * *

Generoza aliteremka kwenye bodaboda saa nne, mwanamke mpana, kofia ya jua, mfuko wenye samli na kuku mzima. Alikaribishwa kiti chenye mgongo. Ng'washi alipiga goti kumwamkia wifi yake, akamletea maji.

"Nasikia shule imemtema," alisema Generoza. "Nilijua. Hizo shule za kunawa mikono! Yuko wapi mwanangu? Mapacha wananimaliza, mmoja akilala mwingine anaamka, kama wamepangiana zamu."

"Minza!" aliita Mayala.

Minza alitoka ndani. Macho yalikuwa mekundu, sauti imekauka. Alipiga goti, akaanza, "Shikamoo, sha..." na kifua kikamshika. Alikohoa akiwa amepiga goti, akakohoa akiwa ameinama, akashika ardhi kwa mkono mmoja. Kuku kwenye mfuko akatulia.

Generoza alirudisha kiti nyuma.

"Hicho nini?"

Jibu lilikuwepo, fupi, neno moja, pamba, na kila mtu pale uani alilijua isipokuwa mgeni. Ng'washi, aliyesimama mbele ya kamati nzima akataka mambo yasemwe waziwazi, alishika kata ya maji na kukaza midomo.

"Mayala, nakuuliza. Huyu ana nini?"

Mayala alimtazama mke wake. Alimtazama binti yake aliyekuwa bado ameinama. Maisha yake yote hakuwahi kumficha dada yake kitu.

"Anakohoa sana, dada," alisema. "Ndicho walichomrudishia."

"Na wewe ulitaka nimpeleke kwa mapacha wa mwezi mmoja? Watoto wale hata mgeni mwenye mafua hatumwingizi ndani!" Generoza alikuwa amekwisha simama. "Mngeniambia kwenye simu, mngeniokolea nauli. Hapana, wifi, sikai. Chai mtakunywa wenyewe. Nitamchukua binti wa jirani yangu Mabula, hana akili lakini ana mapafu."

Samli na kuku aliviacha, kwa kuwa huwezi kurudi na zawadi. Kofia ikapanda pikipiki. Mayala aliisindikiza kwa macho mpaka njia panda, akageuka mikono nyuma, akaingia chumba cha Minza akatoka na furushi mabegani. Akalibwaga uani. Akarudi kuchukua la pili.

Pikipiki ilikuwa bado inasikika kwa mbali. Minza, aliyekaa kwenye kizingiti, alikohoa tena, kikohozi cha kutoka chini kabisa, kilichomtikisa mabega.

Ng'washi alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Basi, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ameshaondoka. Acha."

Minza alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena.

"Hiki ni cha kweli, mayu," alisema.